Mfumo

Walikuja nao Jumatatu, ndani ya mkoba wa bega,
vijana wawili kutoka Unguja, shati zimenyooka kwa pasi.
Khatib, aliyerithi kampuni na kiti cha babake,
akawapokea kwa soda tatu baridi
(ya tatu yake).
Mimi nilikaa na daftari mapajani
kama mama aliyeambiwa mwanawe akapimwe uzito.

Mfumo, walisema.
Neno hilo nalijua tangu udogoni:
kufuma kitambaa cha kochi,
ukiruka tundu moja mstari wa kwanza
ua zima linapinda, na mgeni hakosi kuliona.
Nikauliza, "Huu nao hufumuka?"
Yule mrefu, Nassib, akacheka. Mwenziwe akaandika.

Siku ya tatu tukahesabu ghala.
Misumari kwa kilo, mabati kwa geji,
makopo ya rangi ya kijani yaliyogandiana
tangu skuli moja ya Wawi ilipobadili mawazo.
Mfumo ukasema: saruji, mifuko hasi kumi na nne.

Hasi?
Nina miaka hamsini na tatu, yote Machomane.
Nimeona ghala tupu. Nimeona panya wakihama kwa hasira.
Sijaona tupu iliyopungua.
Khatib akatazama feni.
Nikajua mimi, ukajua mfumo,
na mdogo wake anayejenga Tibirinzi
alijua kabla yetu sote.

Daftari langu lina wadeni mia mbili na sita,
kila jina na alama yake pembeni.
Kistari: hulipa mwisho wa mwezi.
Duara: hulipa karafuu zikishauzwa.
Nukta: usimuulize.
Nukta hazikupata kisanduku.
Nassib alitafuta juu, akatafuta chini,
"Bi Raya, hizi tuziache."
Tukaziacha.

Ijumaa alfajiri, chai haijachemka,
simu mia mbili na sita zikalia,
Chake, Wawi, Ole, Vitongoji:
NDUGU MTEJA, DENI LAKO LIMEPITA MUDA.

Saa mbili akaingia Time binti Faki,
simu ya mumewe imeviringwa ndani ya leso.
Mume tulimzika mfunguo tatu.
Hakulia. Hakugomba. Alisema,
"Nimekuja kulipa. Sikujua kama bado mnamkumbuka."
Akaanza kufungua pindo la kanga,
elfu moja moja, zimekunjwa kama hirizi.

Khatib alitoka nje kupokea simu isiyolia.
Mimi nililishika lile pindo,
nikalifunga tena, mafundo mawili.

Kisha nikamwita Nassib. Kaa.
Huu mfumo wako una wateja wa aina ngapi?
Akasoma: rejareja, jumla.
"Ongeza ya tatu."
"Niiite nini?"
"Nyamaza."
Akanyamaza, maskini, masikio yamemsimama,
akidhani nimemkaripia.
"Si wewe, mwanangu. Ndilo jina lake."
Akaandika, N kubwa.
Mfumo ukauliza: una hakika?
Wiki nzima, hilo ndilo swali lake la kwanza la maana.

Siku hizi tunaelewana, mimi na yeye.
Umeme ukikatika hujifanya hanijui,
ukirudi hunisalimia kwa jina kamili.
Saruji haipungui tena chini ya sifuri,
na Tibirinzi nyumba imesimama kwenye lenta.

Nisiseme uongo: na mimi alinishika.
Ukurasa wa mwaka wa nane wa kazi yangu,
wiki mama alipokuwa hospitali,
nilijumlisha vibaya, shilingi mia saba.
Mzee Shaame amekufa ananidai, wala hana habari.
Nimezilipa. Khatib alisema achana nazo, nikazilipa.
Risiti ikatoka ikijikunja,
karatasi ile nyepesi
ambayo wino wake hufutika kwa jua.

Nikainakili daftarini.